Likizo ya kwanza ya ski: pangeni kwa kumtazama aliye mwoga

Familia inayokwenda kwenye ski kwa mara ya kwanza haihitaji mlima mkubwa. Inahitaji kilima kidogo kilicho karibu na kitanda. Nalisema hili mapema kwa sababu anayeanza kuulizia habari za ski hutajiwa majina makubwa kwanza: Chamonix, Zermatt, St. Anton, Vail. Ni milima ya kupendeza, sibishani. Lakini anayejifunza akienda huko hulipia mamia ya kilomita za njia za kuteleza, kisha hushinda siku tatu kwenye kipande cha theluji kisichozidi kiwanja cha mpira, akipanda na kushuka palepale. Kilomita zilizobaki amewalipia wengine.

Lindsey Vonn, Mmarekani aliyetwaa dhahabu ya mbio za kuteremka kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, alijifunzia Buck Hill, kilima cha Burnsville, Minnesota, kilicho kando ya barabara kuu na ambacho kimo chake hakifiki mita 100. Ndugu zetu wengi wanaoishi pande za Minneapolis hukipita wakienda kazini bila hata kugeuza shingo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua ramani, ulizaneni nyumbani: kati yetu nani mwoga kuliko wote? Safari ipangwe kwa ajili yake. Mara nyingi si mtoto. Mtoto wa miaka sita akianguka, ardhi iko karibu; huinuka akicheka, theluji masikioni. Baba wa kilo tisini anao muda wa kutosha hewani wa kuikumbuka mikopo yake yote. Mwoga akiwekwa mahali panapomfaa, wiki inawaendea vizuri wote. Akiburuzwa hadi juu siku ya pili na shemeji anayedai "si kitu, twende tu", hamtamwona tena kwenye ski, na hela ya tiketi zake imekwenda na maji.

Kijiji cha kuchagua

Swali la kwanza la kumuuliza wakala au mwenye nyumba ni hili: mteremko wa wanaoanza uko wapi hasa? Uko chini kijijini, au mpaka upande gondola, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ndipo uufikie? La pili: pana mkanda wa kupandia? Mkanda huu ni mpira mpana uliolazwa juu ya theluji. Unasimama juu yake na ski zako miguuni, nao unakupandisha taratibu. Pasipokuwa nao, mtoto itabidi ashike kamba ya kumvuta, na hilo ni somo jingine kabisa. La tatu: ipo tiketi ya wanaoanza peke yao? Vijiji vingi vya Ufaransa vina lifti moja mbili za bure pale chini, na kwingineko huuzwa tiketi ya sehemu ndogo kwa bei ya chini. Msikubali kuuziwa tiketi ya mlima mzima siku ya kwanza. Katika maeneo makubwa ya Austria tiketi ya mtu mzima kwa siku moja hupita yuro 60. Vail, ukinunua dirishani siku za kilele cha msimu, imeshapita dola 300.

Unafuu wa bei nao uchunguzwe. Bansko, Bulgaria, husifiwa kwa kuwa rahisi kuliko Alps, na kweli ni rahisi. Ila uwanja wa wanaoanza uko juu, Banderishka Polyana, na kutoka mjini watu wengi hupanda kwa gondola moja ambayo foleni yake ya asubuhi inajulikana kwa urefu. Ukishaingia, safari yenyewe huchukua karibu nusu saa. Mtoto wa miaka mitano aliyesimama foleni na viatu vizito amekwisha kuchoka kabla hajaiona ski. Linganisha na Avoriaz, Ufaransa, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya ski mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Magari huachwa mlangoni mwa kijiji, mizigo hupelekwa kwa sleji za kuvutwa na farasi, na katikati ya nyumba ndipo lilipo eneo la watoto, Village des Enfants, lililoanzishwa na Annie Famose, Mfaransa aliyepata medali mbili za ski kwenye Olimpiki ya Grenoble mwaka 1968. Mzazi anaweza kumwona mwanawe anavyofundishwa huku kikombe cha chai kiko mkononi. Bei ya malazi ni ya juu kuliko Bansko, lakini kuna gharama ambazo hazimo kwenye bei ya chumba: kubeba ski nne begani, za kwako na za watoto, kupanda basi ukizishikilia, kurudi nusu njia kwa sababu glavu moja imesahaulika.

Kama hamuendi Avoriaz, kanuni ni ileile: kutoka mlangoni hadi kwenye mkanda, iwe ni umbali ambao mtoto anaweza kuutembea na viatu vya ski bila kulia.

Lini

Hapa kalenda za shule zinatubana. Likizo ndefu ya Kenya na Tanzania ni ya mwisho wa mwaka, na Krismasi hadi Mwaka Mpya ndiyo wiki ghali kuliko zote Ulaya, tena theluji ya Disemba kwenye vijiji vya chini haina uhakika. Anayelazimika kwenda wakati huo achague kijiji kilicho juu, mita 1,800 au zaidi, na ikiwezekana afike siku kumi kabla ya Krismasi na kuondoka wengine wanapoingia.

Mnaoishi Ulaya mna nafasi nzuri zaidi. Januari, baada ya tarehe 6, bei hushuka. Baridi ni kali na jua huzama mapema, lakini njia ni tupu. Februari iepukeni kama mnaweza, maana ndipo Wafaransa, Waingereza na Waholanzi wanapofunga shule kwa zamu na kupandia mlima mmoja. Machi ndio mwezi ninaoupendekeza kwa wanaoanza: siku ni ndefu, jua lina joto, na theluji ya mchana huwa laini kwa kuangukia. Familia za Kiislamu zitazame pia mwezi: mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuangukia Februari na mwanzo wa Machi.

Na walioko nyumbani wenye likizo ya Juni au Agosti wasijione wametengwa. Lesotho, kwenye milima ya Maluti, kuna Afriski, ambako watu huteleza kati ya Juni na Agosti. Mteremko wake mkuu ni wa kama kilomita moja tu, na sehemu kubwa ya theluji hutengenezwa kwa mashine. Mtu aliyezoea Alps ataona ni kidogo. Kwa anayejifunza inatosha na kubaki. Jihadharini na barabara ya kupanda kutoka Butha-Buthe kupitia Moteng: ina kona kali, na asubuhi huweza kuwa na barafu.

Kuna pia njia ya kuonja kabla ya kununua. Wengi wetu hupita Dubai kwa biashara au kwa kubadilisha ndege. Ndani ya Mall of the Emirates kuna ukumbi wa Ski Dubai uliofunguliwa mwaka 2005, wenye theluji mwaka mzima na mteremko wa mita 400. Nguo nzito na vifaa vimo kwenye tiketi, ila ulizieni kuhusu glavu na kofia. Somo moja la saa moja pale litamwambia kila mmoja wenu kama jambo hili analitaka au alikuwa analipenda kwenye picha tu. Ni afadhali kuligundua hilo huko kuliko Alps, wiki nzima imeshalipiwa.

Viza, bima na daktari

Kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda mtahitaji viza ya Schengen kwa Ufaransa, Austria, Uswisi, Italia na hata Bulgaria. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya hapo hawalipi. Miadi ya ubalozini kwa ajili ya Disemba hujaa mapema, kwa hiyo msingoje mvua za vuli.

Bima inayotakiwa kwa viza ni ya angalau yuro 30,000, na wengi hununua ile ya bei ya chini kabisa wakaishia hapo. Someni maandishi madogo. Bima nyingi za kawaida za safari hazigusi ski. Mnachotafuta ni bima inayotaja michezo ya majira ya baridi, kuokolewa mlimani pamoja na helikopta, na madhara utakayomfanyia mtu mwingine. Italia imeifanya hiyo ya mwisho kuwa sharti la sheria kwa kila anayeteleza, na tangu Novemba 2025 helmeti nayo ni lazima kwa watu wa rika zote. Ufaransa mnaweza kuongeza Carré Neige, bima inayouzwa pamoja na tiketi ya lifti kwa yuro chache kwa siku.

Kuna jambo la afya ambalo miongozo ya Kizungu hulipita juujuu, nasi haitufai kulipita. Kama kuna mwenye selimundu katika familia, baridi, kupungukiwa maji mwilini na hewa nyembamba ya mlimani vyote huweza kumletea maumivu makali. Asiende bila kuonana na daktari wake kwanza. Hata aliyebeba kinasaba tu bila kuugua amweleze daktari kimo cha mahali, hasa kwa Afriski, ambako hata kulala ni juu ya mita 3,000. Wenye pumu nao, hewa baridi huwabana. Dawa ya kuvuta ikae mfuko wa ndani wa koti, isigande.

Nguo, nywele na jua

Msinunue nguo mpya za ski. Marobota ya mitumba hutuletea makoti yaleyale waliyoyavaa wenyewe huko, na ndiyo waendesha bodaboda wanayokabili nayo baridi ya alfajiri Nairobi na Arusha. Nendeni Gikomba, Toi au Karume na chupa ya maji. Mwagia matone kwenye mkono wa koti: yakiviringika na kudondoka, kitambaa bado kinafaa, yakinyonywa, rudisha. Kisha funua ndani ya kiuno utafute kile kitambaa chenye mpira cha kuzuia theluji isiingie mgongoni anayevaa akianguka. Zipu ivutwe juu na chini mara kadhaa, maana zipu iliyokwama mlimani haina fundi.

Ndani ya koti vaeni nguo ya kubana ya sufu au ya nailoni, juu yake sweta la flisi. Pamba ikilowa jasho hubaki baridi mwilini, na suruali ya jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Glavu ndizo za kutobania pesa. Mtoto wa glavu mbovu hafundishiki.

Helmeti mtakodi pamoja na ski, na hapa mama na mabinti wajipange kabla ya kuondoka. Rasta nene zilizofungwa fundo utosini hazitaingia. Twende kilioni iliyolala vizuri, mkia wake ukiwa chini kisogoni, hukaa ndani ya helmeti bila shida. Watoto wavuliwe shanga, kwa sababu zikibanwa saa mbili huuma kama kokoto. Helmeti ijaribiwe dukani nywele zikiwa tayari katika mtindo wa wiki nzima. Kwa hijabu, ile ya michezo iliyokamata kichwa inatosha chini ya helmeti na huongeza joto, pini zisiwepo. Skafu ndefu ya kila aina, ya hijabu au ya shingo, iingizwe ndani ya koti, maana lifti hunasa kinachoning'inia.

Halafu jua. Weusi wetu hautoshi huko. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Pakeni mafuta ya kukinga jua usoni, chini ya kidevu na ndani ya pua, na mtoto asitoke bila miwani ya theluji.

Kiatu

Ningeambiwa nichague jambo moja la kulipigia kelele dukani, ningechagua kiatu. Ski zenyewe mtapewa fupi. Kwa mtoto anayeanza, zinazofika kati ya kifua na kidevu. Kiatu ndicho kinachoamua kama mtu atacheza au atateseka. Vaa soksi moja tu, nyembamba na ndefu hadi chini ya goti. Soksi mbili hujikunja na kuzuia damu, na ndizo zinazoleta baridi badala ya joto. Hakuna kingine kinachoingia ndani ya kiatu, wala pindo la suruali ya ndani. Ingiza mguu, gonga kisigino chini mara mbili tatu ili kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge vifungo ukianzia vya kifundo. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Kunja magoti kama anayetaka kukaa kwenye kigoda: vidole virudi nyuma na kisigino kisiinuke. Kikiinuka, omba namba ndogo. Muuzaji atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu wako, kwa sababu kwa hayo anapanga kifungo kinachoachia ski ukianguka. Usimdanganye kilo hata mbili. Kifungo kilichokazwa kwa uzito ambao si wako huachia pasipotakiwa, au kinakataa kuachia goti linapopinda.

Kodini kwa mtandao mapema, bei hushuka. Kachukueni vifaa jioni ya kufika, wenzenu wakiwa bado njiani.

Mwalimu awe mgeni

Baba asimfundishe mtoto, mume asimfundishe mke. Hata kama alikwenda ski chuoni Ujerumani miaka ile. Wekeni kila mtu kwenye darasa la rika lake, siku tano mfululizo, asubuhi. Shule nyingi hupokea watoto kuanzia miaka mitatu au minne, na ombeni mapema mwalimu wa Kiingereza au Kifaransa. Watoto lugha haiwasumbui. Mwalimu huwaonyesha kwa mwili, ncha za mbele za ski zikaribiane na za nyuma zitanuke kama kipande cha pizza, nao wanasimama.

Wakubwa msikate tamaa kwa kuwatazama. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliteleza tangu utotoni na akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Lakini Mkenya mwenzake Philip Boit alikuwa mkimbiaji mtu mzima alipoanza ski za masafa, na miaka miwili baadaye, mwaka 1998, alikuwa kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie alimsubiri mstarini amkumbatie.

Siku ya kwanza isizidi saa mbili za somo na saa moja ya kurudia. Kuanguka kutakuwepo. Kuinuka kuna namna yake: zungusha ski zilale kukata mteremko, zote mbili chini yako, ndipo ujisukume juu kwa ubavu, zikielekea bondeni utaondoka kabla hujasimama. Kwenye lifti ya kuvuta, usiketi. Kifimbo kinakusukuma kwa nyuma, hakibebi mtu, na anayekikalia huanguka mbele ya foleni nzima. Na mkianza njia za buluu, zilizo nyepesi, kumbukeni haki ya njia: aliye chini yako ndiye mwenyewe, wewe wa juu ndiye wa kumkwepa. Mkisimama, simameni pembeni, mahali ambapo wa juu anawaona.

Saa nane mchana siku mbili za mwanzo, vueni. Miguu iliyochoka haitii, na mchana uliobaki una mengine: sledi kwa watoto, matembezi, na kwa bibi aliyekuja kuona theluji tu, tiketi ya gondola ya waendao kwa miguu.

Chakula

Pangeni nyumba yenye jiko. Chakula cha migahawa ya mlimani ni ghali, na nyama ya nguruwe hujificha hadi ndani ya supu. Asiyetumia pombe ajue kwamba fondue ya Uswisi, ile jibini ya kuyeyushwa, kwa kawaida hupikwa kwa divai nyeupe, na zabibu kavu za Kaiserschmarrn, ile chapati tamu ya Austria ya kuchanwachanwa, mara nyingi hulowekwa kwenye ramu. Ulizeni kabla ya kuagiza. Jibini ya raclette na mbatata huwa salama, mkikataa vipande vya nyama vinavyoletwa pembeni. Asubuhi mtoto apewe uji mzito. Mfukoni awe na chokoleti na maji, kwani kiu ya baridi haijitangazi.

Siku ya mwisho

Shule nyingi hufunga wiki kwa mashindano ya watoto, na kila mmoja hupewa medali. Msipange kingine siku hiyo. Vifaa rudisheni jioni yake, msisubiri asubuhi ya kuondoka: Jumamosi ndiyo siku ya wageni kubadilishana, duka hufurika na barabara ya kushuka bondeni hujaa magari. Mwenye ndege ya mchana Geneva atoke kijijini mapema kuliko simu yake inavyomwambia, na medali za watoto ziingie kwenye begi la mkononi.